Mama wa Nairobi anachanganya ziwa na chupa, kliniki zimfundishe

Mwezi Mei 2025, Baraza la Afya Duniani, yaani mkutano mkuu wa nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, lilipokutana Geneva, lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zidhibiti matangazo ya maziwa mbadala ya watoto yanayosambazwa mitandaoni: zile picha za watoto wanono, ushauri wa watu mashuhuri wanaolipwa na kampuni, na makundi ya akina mama ambayo nyuma yake yuko muuzaji. Azimio hilo lilipofika Nairobi lilisomwa vibaya na pande mbili. Upande mmoja ulisema wakubwa wa dunia sasa wanataka kumpokonya mama chupa mkononi. Upande wa pili, na huku wamo watu ninaowaheshimu sana kwa kazi yao ya kutetea unyonyeshaji, ulishangilia kana kwamba sasa imepatikana ruhusa ya kunyamazisha kila mazungumzo kuhusu chupa. Azimio halisemi lolote kati ya hayo. Linamhusu anayeuza. Na kadiri tunavyoendelea kumweka muuzaji na mama katika kapu moja, ndivyo tunavyomtelekeza mama ambaye katika jiji hili ni wa kawaida kabisa: anayenyonyesha alfajiri na usiku kucha, huku mchana mtoto akipewa chupa na mtu mwingine.

Niseme mapema ninakosimama. Kumpa mtoto ziwa pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji, bila uji, bila maziwa mengine, ndio ushauri sahihi na sina haja ya kuupunguza. Lakini mama ambaye tayari anachanganya, au anayejua kwamba mwezi ujao hatakuwa na budi kuchanganya, anastahili kufundishwa waziwazi na muuguzi jinsi ya kufanya hivyo bila kukausha maziwa yake na bila kumtia mtoto uchafu tumboni. Kwa sasa hafundishwi. Anakaripiwa au anaachwa ajitafutie, na pengo hilo linajazwa na jirani, na mama mkwe, na siku hizi zaidi na muuzaji anayemfikia kwenye simu. Kliniki ikinyamaza, mwenye maziwa ya kopo hahitaji hata kulipia tangazo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1981 Baraza hilohilo la Afya Duniani lilipitisha Kanuni ya Kimataifa ya kusimamia uuzaji wa maziwa mbadala, kwa kura 118 dhidi ya moja tu, ya Marekani. Ilizaliwa na hasira ya miaka ya 1970, enzi ambayo kampuni ziliwavisha wauzaji wao mavazi yanayofanana na ya wauguzi na kuwatuma wodini, Afrika na Asia, wakagawe sampuli za bure. Mama akitumia sampuli hizo kwa wiki kadhaa, maziwa yake yanapungua. Sampuli zikiisha, inambidi anunue. Kenya iliiingiza Kanuni hiyo katika sheria zake mwaka 2012, na taratibu za utekelezaji zikafuata mwaka 2021. Sheria yetu inakataza kuwatangazia watu maziwa ya kopo, kugawa sampuli na kuwazawadia wahudumu wa afya. Hakuna mahali inapomfanya mkosaji mama aliyenunua kopo la unga wa maziwa dukani. Tena Kanuni yenyewe ya 1981, katika kifungu chake cha 6, inasema maelekezo ya kutumia maziwa hayo yatolewe na wahudumu wa afya, kwa akina mama na familia zinazoyahitaji, pamoja na kuelezwa madhara ya kuyatumia vibaya. Waliotunga Kanuni walikuwa na akili ya kuona kwamba ukimfukuza muuzaji wodini ni lazima umweke mtu mwingine mahali pake. Sisi tulitekeleza nusu ya kwanza tukaisahau ya pili.

Takwimu za kitaifa zinaeleza tulipofikia. Katika utafiti wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2003, watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakipata ziwa pekee nchini walikuwa asilimia 13. Mwaka 2008-09 wakawa asilimia 32, na mwaka 2014 wakaruka hadi asilimia 61. Ni mafanikio ambayo nchi chache zimeyapata kwa muda mfupi namna hiyo, na wauguzi wetu wanastahili heshima yake. Lakini mwaka 2022 kiwango kilikuwa asilimia 60. Miaka minane imepita na hatukusonga. Pia tuelewe kipimo hicho kinapima nini: mama anaulizwa mtoto alikula nini katika saa 24 zilizopita, na wanahesabiwa watoto wote wa chini ya miezi 6, kuanzia wa siku mbili hadi anayekaribia kuanza uji. Kwa hiyo asilimia 60 haina maana kwamba watoto 6 kati ya 10 wanafika miezi 6 kwa ziwa pekee. Wanaofika ni wachache zaidi. Hapa Nairobi, utafiti uliofanywa katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba ni asilimia 2 tu ya watoto waliofika miezi 6 bila kupewa kitu kingine. Baadaye, wahudumu wa afya ya jamii walipopita nyumba kwa nyumba katika mitaa hiyohiyo wakiwashauri akina mama tangu ujauzito, kiwango kilipanda kupita nusu. Ninaitaja habari hiyo kwa makusudi, maana inaonyesha kwamba mama wa mtaa wa mabanda hana ukaidi. Akifuatwa nyumbani na mtu anayemjua, anabadilika. Ila hata katika ushindi huo, karibu nusu ya watoto walibaki nje, na hao ndio ambao mfumo wetu hauna la kuwaambia.

Kwa nini wanabaki nje? Wengi hukimbilia kusema ni ujinga au ni uvivu, na wengine husema ni warembo wanaoogopa matiti yatalegea. Mimi nasema ni kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo yenye malipo. Wizara ya Afya inamwambia anyonyeshe kwa miezi 6. Ni serikali ileile, na pengo la miezi 3 kati ya maneno yake mawili ameachiwa mama alizibe kwa kifua chake. Shirika la Kazi Duniani nalo linataka likizo isiyopungua wiki 14, nasi hatufiki hata hapo. Na huyo ni mama mwenye barua ya ajira. Mama fua anayekaa kando ya barabara asubuhi akisubiri kuitwa, anayeuza mitumba Gikomba, anayetembeza mboga Kangemi, hao likizo yao ni siku ambazo akiba na majirani wataweza kuwabeba. Kuna wanaorudi kazini kabla ya siku 40. Mtoto anaachwa kwa mlezi wa mtaani, chumba kimoja chenye watoto wengi, na mlezi anataka chupa kwa sababu hana mikono ya kutosha kumnywesha kila mtoto kwa kikombe.

Sheria ya Afya ya 2017 ilijaribu kuziba sehemu ya pengo hilo. Inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu au njia nyingine ya kupoza, soketi ya umeme, meza na kiti, na inampa mama mapumziko yasiyozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Katika majengo makubwa ya Upper Hill na Westlands utakuta vyumba kadhaa vya aina hiyo. Ukishuka hadi Eneo la Viwanda, mama anayeshona nguo kwa malipo ya idadi ya vipande atakueleza kwamba choo ndicho chumba chake, na kwamba kila dakika anayokamua inakatwa na msimamizi kwa njia moja au nyingine.

Halafu kuna hesabu ya kopo lenyewe. Mtoto wa miezi 3 asiyenyonya kabisa hutumia takriban gramu 100 za unga wa maziwa kwa siku, kwa hiyo kopo la gramu 400 linamaliza siku nne. Kwa mwezi ni makopo saba au zaidi, na kopo moja la ukubwa huo jijini ni zaidi ya Sh1,000. Mwaka 2025 mshahara wa chini wa kibarua Nairobi ulikuwa kama Sh16,000 kwa mwezi. Hapo ndipo unapoanza mchezo ambao kila muuguzi wa Pumwani au Mathare anaujua: kijiko kimoja badala ya vitatu, maji mengi, chupa inayoonekana nyeupe lakini ndani yake hamna chakula. Mtoto ananyonya mpaka tumbo linajaa, analala, na uzito wake kwenye kijitabu cha kliniki unasimama palepale. Mama anayechanganya kwa akili, ambaye ziwa linabeba sehemu kubwa ya mlo, anatumia theluthi au nusu ya unga huo, na halazimiki kuurefusha kwa maji. Kwa familia maskini, kulinda ziwa la usiku ni kulinda mfuko pia, na sioni kwa nini jambo hili halisemwi kliniki kwa lugha hiyo ya pesa ambayo kila nyumba inaielewa.

Sasa niingie katika hofu iliyofanya neno kuchanganya liwe kama tusi katika vyumba vya kliniki, maana ina historia na sehemu ya historia hiyo iliandikwa hapahapa Nairobi. Katika miaka ya 1990, Profesa Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwafuatilia akina mama 425 wenye HIV, wengine wakinyonyesha na wengine wakitumia maziwa ya kopo, wote wakiwa na maji safi ya bomba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kufikia umri wa miaka miwili, asilimia 36.7 ya watoto walionyonyeshwa walikuwa wameambukizwa, dhidi ya asilimia 20.5 ya waliopewa kopo. Lakini vifo vilikaribiana, kwa sababu kopo nalo lina njia zake za kuua. Wakati huohuo, watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walionyesha mwaka 1999 kwamba mtoto aliyechanganyiwa ziwa na vitu vingine aliambukizwa zaidi kuliko aliyepata ziwa pekee. Ikadhaniwa kwamba vyakula vingine huchubua utumbo na kuvipa virusi njia. Kutokana na hayo, kizazi kizima cha wauguzi kilifundishwa kanuni moja: chagua ziwa pekee au kopo pekee, lakini usichanganye. Katika enzi ile, kabla ya ARV, dawa za kudhibiti virusi, kumfikia kila mama, kanuni hiyo iliokoa maisha.

Enzi imebadilika. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya likisema kwamba ziwa pekee bado ndilo bora kwa mama mwenye HIV, lakini mama anayetumia dawa zake sawasawa ahakikishiwe kwamba dawa hupunguza hatari ya kumwambukiza mtoto hata kama anachanganyiwa, na kwamba kuchanganya kusiwe sababu ya kuacha kunyonyesha. Mama huyo afuatane na kliniki yake kwa karibu, na kiwango cha virusi kipimwe. Lakini kanuni ya zamani ilikwisha kutoka katika wodi ya HIV ikaenea mtaani, ikamfikia hata mama asiye na virusi, na huko ikageuka kuwa imani kwamba maziwa mawili yanapigana tumboni.

Imani hiyo ndiyo dhaifu kuliko hoja zote katika mjadala huu, na ndiyo inayofanya kazi mbaya zaidi. Hakuna vita vyovyote. Maziwa ya mama na maziwa ya kopo humeng'enywa na tumbo lilelile, na mtoto anaweza kupokea yote mawili siku moja. Madhara yanatoka nje ya tumbo: maji machafu, chuchu ya chupa isiyochemshwa, maziwa yaliyokaa tangu asubuhi, na ziwa linalopungua kwa sababu halinyonywi. Mama aliyeambiwa kwamba yanapigana, siku anapolazimika kutoa chupa ya kwanza, anajiona amekwisha kuharibu. Anasema, basi, heri nichague moja. Na kwa kuwa kazini hawezi kuwa na mtoto, anachagua kopo. Tulikusudia kulinda unyonyeshaji, tukaishia kumpa sababu ya kuuacha.

Nimekaa kwenye benchi la kliniki moja ya umma mashariki mwa jiji nikiyasikia haya kwa masikio yangu. Muuguzi, foleni ikiwa imefika mlangoni, anauliza bila kuinua macho, "Mama, unanyonyesha pekee?" Mama anajibu, "Ndiyo, sista." Tiki inawekwa. Kwenye mkoba wa mama huyo, chini ya leso, kulikuwa na chupa ya plastiki iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni, na maziwa yake yalikuwa ya ng'ombe, ya kibanda, yaliyozimuliwa kwa maji. Aliniambia hivyo mwenyewe tulipokuwa tukisubiri, kwa sauti ya chini, akitaka kujua kama mtoto wa wiki 10 anaweza kuendelea nayo. Swali hilo ndilo lililostahili kufika kwa sista. Maziwa ya ng'ombe hayafai kwa umri huo: yana protini na chumvi nyingi kuliko figo changa zinavyoweza kubeba, madini ya chuma ndani yake ni kidogo, na yanaweza kuufanya utumbo uvuje damu kidogo kidogo. Mama alidanganya kwa sababu alijua kuna jibu moja tu linalokubalika, na muuguzi aliandika jibu hilo kwa sababu fomu haina nafasi ya jingine.

Wapo wanaopinga ninachosema, na hoja yao ina uzito. Wanasema: ukianza kufundisha chupa kliniki, hata kwa nia njema, unaipa heshima. Mama ambaye angevumilia na kufika miezi 6 ataona hata sista ameikubali, atalegea wiki ya pili maziwa yanapochelewa, na kampuni zitaingia kupitia mlango huohuo kwa jina la elimu. Tumeyaona hayo duniani kote. Si hofu ya bure. Tena wana takwimu. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 anayechanganyiwa ana hatari ya kufa kwa kuhara zaidi ya mara nne kuliko anayepata ziwa pekee. Mimi siifichi takwimu hiyo, na ningetaka kila mama aisikie. Lakini uchambuzi huohuo unasema asiyenyonya kabisa ana hatari zaidi ya mara kumi. Kati ya nne na kumi kuna watoto wengi sana, na ni watoto wa mama ambaye ziwa pekee halimwezekani tena mwezi huu. Kumwambia huyo moja au kumi, bila nne, ni kumsukuma kwenye kumi.

Kuhusu mlango wa kampuni, nadhani unafungwa kwa kumpa muuguzi ujuzi na kumzuia muuzaji kabisa, yaani kwa kutekeleza sheria ya 2012 bila huruma. Na kuhusu kulegea, inategemea kinachofundishwa na kinafundishwa lini. Hata zile Hatua Kumi za hospitali rafiki kwa mtoto, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kulinda unyonyeshaji hospitalini, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2018, ziliondoka kwenye marufuku ya moja kwa moja ya chupa na chuchu bandia, zikasema mama ashauriwe kuhusu matumizi na hatari zake. Ushauri wenye hatari ndani yake, ukitolewa na mtu asiyeuza chochote, haufanani na tangazo hata kidogo.

Mafunzo yenyewe yangekuwa na nini? Kwanza, ajue maziwa yanavyotengenezwa. Titi hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa, mwili unapunguza. Wiki nne hadi sita za kwanza ndizo za kuweka msingi, na chupa ikiingia mapema mno ndipo mama anapoona maziwa yamekauka. Ikiwa hana budi kurudi kazini, aanze kwa kubadilisha mlo mmoja, ule wa saa atakazokuwa mbali, kisha asubiri siku kadhaa mwili uzoee. Ziwa la usiku asiliguse, kwa sababu usiku ndipo homoni inayotengeneza maziwa inapanda zaidi. Anyonyeshe kabla ya kutoka nyumbani na mara tu anaporudi, hata kabla ya kuvua viatu. Mambo haya yanaelezeka kwa dakika tano, na mama aliyeyajua anaweza kunyonyesha mwaka mzima huku akienda kazini kila siku.

Pili, ajue kwamba kitu cha kwanza cha kutia kwenye kikombe au chupa ni maziwa yake mwenyewe. Kukamua kwa mkono hakuhitaji mashine: mikono iliyonawiwa kwa sabuni, chombo chenye mdomo mpana kilichochemshwa, vidole nyuma ya ile sehemu nyeusi ya titi, kubonyeza kuelekea kifuani kisha kuachia. Maziwa hayo hukaa salama kwa muda wa saa nne pahali pasipo na joto kali, na kwa siku nne kwenye jokofu. Nairobi si Mombasa. Hali ya hewa yetu inamsaidia mama asiye na friji kuliko anavyodhani. Kikombe kidogo kisicho na mfuniko kinamtosha mtoto hata wa wiki moja na kinasafishika kwa urahisi, kwa hiyo kikombe kitangulie. Lakini mlezi akishikilia chupa, basi afundishwe kumwinua mtoto, kuilaza chupa badala ya kuisimamisha, na kumpumzisha kila baada ya muda, ili maziwa yasimwagike kooni kwa kasi hadi mtoto akalikataa ziwa ambalo linamtaka afanye kazi.

Tatu, kama ni unga wa kopo, ajue kwamba unga huo haukuuawa vijidudu vyote kiwandani. Maji yachemke, yapoe kidogo tu, yasishuke chini ya nyuzi 70, ndipo unga utiwe, kwa sababu joto hilo ndilo linalowaua vijidudu waliomo kwenye unga wenyewe. Kisha chupa ipozwe kwa kuitumbukiza kwenye maji baridi na kujaribiwa kwenye kifundo cha mkono. Kilichobaki baada ya mtoto kushiba kimwagwe, inauma lakini kimwagwe, na kilichotengenezwa kisikae zaidi ya saa mbili. Vijiko vihesabiwe kama kopo linavyosema. Katika chumba kimoja cha Mukuru, ambapo maji ni ya mtungi wa lita 20 ulionunuliwa na moto ni wa mafuta taa au gesi ya kupima, kazi hii inachukua muda na pesa kila mara. Mama akiiona yote kwa macho yake, ikifanywa hatua kwa hatua mbele yake, wengine watasema afadhali nikamue. Ninaamini elimu ya chupa iliyotolewa kikamilifu ingewarudisha wengi kwenye ziwa kuliko makaripio yote. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo haingii katika maelezo haya. Huyo apangiwe na daktari, na hospitali ya Pumwani tangu 2019 ina benki ya maziwa ya akina mama kwa ajili ya watoto kama hao.

Yote haya yana nafasi yake tayari kwenye kalenda. Mtoto wa Kenya huletwa chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Likizo ya mama inaisha karibu na wiki 13. Ratiba ya chanjo na ratiba ya kurudi kazini zinatembea pamoja, na baada ya wiki 14 wengi hawaonekani tena kliniki hadi miezi 6, yaani muda uleule ambao mtoto anakuwa kwa mlezi. Kwa hiyo kwenye ziara ya wiki 6 muuguzi aache kuuliza swali la tiki na aulize, "Mama, unarudi kazini lini, na mtoto atabaki na nani?" Jibu likiwa wiki ijayo, mafunzo yaanze siku hiyo. Ziara ya wiki 10 ipime kama ziwa la usiku bado lipo na kama uzito unapanda. Kijitabu cha mama na mtoto kiwe na sehemu ya kuandika "anachanganya" bila rangi ya lawama, maana takwimu tunazokusanya sasa zinatokana na majibu ya woga.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale 100,000 waliopewa mikoba na simu Septemba 2023, wanafanya kazi ya aina ileile ambayo wahudumu waliowatangulia walionyesha kule Korogocho kwamba inawezekana, nyumba kwa nyumba. Waongezewe kazi ya kuwatembelea walezi wa mtaani, kwa sababu yule mwanamke mwenye watoto kumi chumbani anatengeneza chupa nyingi kwa siku kuliko mama yeyote, na hakuna aliyewahi kumwonyesha nyuzi 70 ni zipi. Kaunti ya Nairobi inaweza kuanza na mitaa miwili na kupima kuhara na uzito kabla na baada.

Kisha kuna upande wa muuzaji, ambao azimio la Geneva ndilo linauhusu. Mama aliyejifungua Nairobi leo hajamaliza wiki kabla simu yake haijaanza kumletea picha za makopo, mara nyingi kupitia mtu anayejiita mshauri wa malezi. Sheria ya 2012 iliandikwa wakati matangazo yalikuwa ya redio na mabango. Wizara ya Afya iweke wazi kwamba neno tangazo linabeba pia video fupi na zawadi kwa wenye wafuasi wengi, na imwadhibu mwenye bidhaa, hata kama video ilirekodiwa na mwingine. Na Bunge, badala ya kutunga sheria nyingine ya vyumba vya kunyonyeshea ambayo haitakaguliwa, liongeze likizo ya uzazi kuelekea miezi 6 na litafute njia ya mfuko wa bima kumlipa hata mama asiye na mwajiri. Siku hiyo ikifika, wanaochanganya watapungua wenyewe. Kabla haijafika, mtoto wa wiki 13 atapelekwa kwa mlezi Jumatatu asubuhi, na mama yake anahitaji kujua Ijumaa hii afanye nini.